Injini ya Ndege Ndogo

Bila shaka umewahi kuiona ndege ndogo yenye rafadha ikipita angani. Ndege kubwa za abiria huendeshwa kwa injini za jeti, lakini ndege ndogo nyingi, kama vile Cessna 172 ambayo wanafunzi wa urubani hujifunzia, hutumia injini ya pistoni. Injini hiyo ni ndugu ya injini ya gari. Hata hivyo, gari likizimika, dereva huliegesha kando ya barabara akafungua boneti. Rubani hana kando ya barabara. Ndege yake haianguki mara moja kama jiwe, bali huteleza hewani ikishuka polepole, naye hana budi kutafuta mahali pa kutua.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Utahisi hewa iliyoshindiliwa ikiurudisha mpini nyuma. Injini ina bomba kama hilo, liitwalo silinda, na ndani yake mna pistoni iendayo mbele na kurudi. Tofauti ni kwamba pampu husukumwa na mkono, na pistoni husukumwa na moto.

Pistoni hufanya kazi kwa mipigo minne. Katika mpigo wa kwanza hurudi nyuma, valvu moja ikafunguka, na mchanganyiko wa hewa na petroli ukavutwa ndani. Katika mpigo wa pili valvu zote hufungwa, na pistoni huushindilia mchanganyiko huo. Pistoni ikaribiapo mwisho, plagi hutoa cheche. Mchanganyiko huwaka, gesi hupata joto kali na kutanuka, nayo huisukuma pistoni kwa nguvu. Huo ni mpigo wa tatu, na ndio pekee utoao nguvu. Katika mpigo wa nne valvu ya pili hufunguka, na moshi husukumwa nje.

Mkono wa pistoni huizungusha kranki, yaani chuma kirefu kilichopindwa viwiko. Katika Cessna 172 rafadha imefungwa kwenye ncha ya kranki, hivyo vyote viwili huzunguka pamoja. Mipigo minne huizungusha kranki mara mbili. Basi rafadha ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,200, yaani mara 20 katika kila sekunde! Injini hiyo ina silinda nne. Hazipozwi kwa maji bali kwa upepo, nazo zimezungukwa na mapezi membamba ya kutolea joto. Pasipo maji hapana rejeta ya kuvuja, na injini huwa nyepesi.

Je, cheche hutoka wapi? Unajua kwamba dainamo ya baiskeli hutoa umeme gurudumu linapozunguka. Injini ya ndege nayo huzungusha sumaku ndani ya chombo kiitwacho magineto. Hata betri ikifa, cheche haikatiki. Tena magineto ni mbili, na kila silinda ina plagi mbili, ili moja ikiharibika nyingine iendelee. Kabla ya kuruka, rubani huzima magineto moja, akasikiliza. Mwendo wa injini hupungua kidogo tu. Huiwasha tena, akaijaribu ya pili vivyo hivyo. Injini ikitetemeka sana au ikizimika, haruki.

Hatari nyingine hujificha katika kabureta, mahali petroli inapochanganyika na hewa. Lowesha mkono wako kwa maji, kisha upepee. Unahisi baridi, kwa sababu maji yanayogeuka mvuke huchukua joto. Petroli hufanya vivyo hivyo ndani ya kabureta, na hewa ipitayo hapo hupoa sana. Ikiwa hewa ina unyevu mwingi, barafu huweza kuganda humo hata siku yenye joto la digrii 20 za Sentigredi! Barafu huziba njia ya hewa, na injini hupungua nguvu. Hapo rubani huvuta mpini mmoja, na hewa iliyopashwa moto na bomba la moshi huingia katika kabureta. Barafu huyeyuka. Lakini kwanza injini hukohoa zaidi, kwa kuwa inameza maji yale. Rubani mgeni huweza kushtuka akaurudisha mpini, na barafu ikabaki. Aliyefundishwa vyema hungoja, mpaka injini inapoanza tena kunguruma sawasawa.

Maswali
1. Kwa nini valvu zote hufungwa katika mpigo wa pili?
2. Rafadha ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara ngapi?
3. Kabla ya safari rubani hukinga petroli kidogo kutoka tangini katika kikombe kiangavu, akaitazama. Ikiwa imeingia maji, maji hayo yataonekana juu au chini? Eleza sababu.