Mtoto Asingoje Mzazi Aache Pombe

Tuchukue nyumba moja ya kupanga pale Njiru, Nairobi, chumba kimoja chenye pazia katikati. Si nyumba ya mtu fulani. Nimeiunda kutokana na visa vya aina moja ambavyo wanaoshughulika na familia huvisikia kila mara. Ni saa tatu kasoro usiku. Msichana wa miaka tisa anafanya hesabu, daftari amelilaza juu ya ndoo iliyofunikwa. Nyuma ya pazia mdogo wake amelala. Geti la ploti linagongwa, linafunguliwa, na msichana anaacha kuandika. Anasikiliza nyayo ngazini. Zikija kwa mpangilio, atarudi kwenye hesabu. Zikiburura, au zikisimama katikati ya ngazi kisha zianze tena, atafunga daftari, ataficha simu ya mama chini ya godoro, atamsukuma mdogo wake upande wa ukutani na kulala kando yake huku amefumba macho.

Hesabu haikuisha. Kesho mwalimu ataandika kwamba hakufanya kazi ya nyumbani.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba ya mlevi, kata ni mtoto. Anajua siku ya malipo, anajua chupa hufichwa wapi, anajua ni kicheko kipi kitageuka matusi. Hata hivyo, kikao cha ukoo kikiitwa, huyu anayejua yote haulizwi kitu. Kikao chote ni cha mzazi: apelekwe wapi, aombewe na nani, deni lake la bia ya keg lilipwe vipi. Mtoto anaambiwa avumilie, maana baba akiacha mambo yatakuwa sawa.

Hayo ya kumngoja baba aache ndiyo tunayopaswa kuyaacha sisi kwanza. Matibabu ya uraibu huchukua miezi, mara nyingi miaka, na kurudia kunywa baada ya kuacha ni jambo la kawaida. Utoto hauna subira ya namna hiyo. Msaada wa mtoto unaweza kuanza leo jioni, mzazi akiwa bado yuko baa.

Mwili unaokesha

Kila binadamu ana king'ora ndani yake. Ukikutana na mbwa mkali njiani, ubongo unaamuru mwili umwage adrenalini na kotisoli. Moyo unadunda, misuli inakaza, masikio yanakuwa makali. Mbwa akienda zake, mwili unatulia. Mfumo huo ni mzuri kwa hatari inayokuja na kuondoka. Tatizo ni pale mbwa anapoishi nyumbani.

Mtoto anayesikiliza nyayo kila usiku hazimi king'ora hicho. Usingizi wake ni mwepesi, tumbo linamuuma bila ugonjwa kuonekana, darasani anasinzia au anaruka mlango ukifungwa kwa kishindo. Akili yake haijadumaa. Imepewa kazi nyingine. Inapima hatari, na kazi hiyo inakula nafasi ya kusoma na kukariri. Ndiyo maana mwalimu huona mzembe pale palipo na mlinzi wa zamu ya usiku.

Wengine hawasinzii. Wanaongoza darasa, wanapika, wanawaogesha wadogo zao, na majirani huwasifu kwamba wamekomaa. Hao nao wanahitaji kutazamwa. Msichana wa miaka tisa anayejua kupanga bajeti ya unga hajakomaa, amebebeshwa. Mwingine hugeuka mchekeshaji wa nyumba, kwa kuwa amegundua kwamba baba akicheka hapigi. Mwingine hunyamaza hadi watu wakasahau kwamba yupo.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha nchini Marekani utafiti uliowahoji watu wazima zaidi ya 9,000 kuhusu maisha yao ya utotoni. Takriban mmoja katika kila wanne alikuwa amelelewa katika nyumba yenye mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya. Kadiri mtu alivyokuwa amepitia aina nyingi za mateso ya nyumbani, ndivyo hatari yake ya kuugua moyo, kuzama katika huzuni na kuwa mlevi yeye mwenyewe ilivyopanda. Shida hizi huja kwa makundi: palipo na pombe, mara nyingi pana ngumi, njaa na kodi isiyolipwa. Zikipunguzwa hata mbili, mzigo wa mtoto umepungua.

Saa za baa, saa za mtoto

Hapa kwetu Kenya, utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba mtu mmoja katika kila 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ana matatizo ya uraibu wa pombe. Utafiti huohuo ulikuta kwamba kuna Wakenya walioonja pombe mara ya kwanza wakiwa na miaka saba. Kaunti-ndogo ya Njiru peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 626,482 katika sensa ya 2019. Wengi wao hula kwa jasho la siku: machimbo ya mawe, mjengo, bodaboda, vibanda vya mboga kandokando ya Kangundo Road. Pesa ya kibarua hulipwa jioni, mkononi, na kati ya steji na geti la ploti kuna milango mingi ya kuimeza.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado wanaiita ya Mututho, mbunge aliyeiwasilisha, iliruhusu baa kuuza siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Ilikataza pia leseni kwa baa iliyo chini ya mita 300 kutoka shule, na kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo anayemtuma mtoto akamletee chupa dukani anamweka muuzaji upande mbaya wa sheria, na anamfundisha mtoto njia.

Zitazame saa hizo upya. Saa kumi na moja hadi saa tano ndizo saa ambazo mtoto anarudi kutoka shuleni, anaoga, anafanya kazi ya nyumbani, anakula, anasimulia ya siku yake na kulala. Saa za baa na saa za mtoto ni zilezile. Pombe haimnyang'anyi mtoto mzazi mchana. Inamnyang'anya jioni yake.

Hapo ndipo utafiti mmoja wa zamani unapofaa. Mwaka 1980 Steven Wolin, Linda Bennett na wenzao, pia nchini Marekani, waliziangalia familia 25 zenye mzazi mlevi na kuuliza kwa nini baadhi ya watoto hukua wakawa walevi na wengine la. Walichunguza mambo madogo: chakula cha jioni, sikukuu, wikendi, jinsi wageni wanavyopokewa. Katika nyumba ambazo desturi hizo zilivurugwa na ulevi, ulevi ulirithiwa zaidi. Katika nyumba ambazo ziliendelea kama kawaida, mlevi awepo asiwepo, watoto walisalimika zaidi. Familia 25 ni chache, na urithi wa damu nao una nafasi yake. Sehemu ya hatari ya uraibu hupita katika vinasaba. Lakini vinasaba hatuwezi kuvibadilisha. Saa ya chakula tunaweza.

Kwa mama wa Njiru maana yake ni hii: ugali uwe mezani saa moja na nusu. Usimngoje. Sehemu yake ifunikwe, lakini watoto wale kwa saa ileile, Jumatatu na Ijumaa ya malipo. Baada ya kula, daftari zitoke. Baada ya daftari, kuna hadithi, sala au stori za shule, kisha taa. Akija katikati amelewa, ratiba isisimame ili wote wamtazame. Mtoto anayejua kitakachotokea saa moja na nusu ana kitu kimoja cha kutegemea katika nyumba ambayo mengine yote hayatabiriki.

Mtu mmoja tu

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi wakawa watu wazima. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa walevi. Zaidi ya nusu yao walifika miaka 18 bila matatizo makubwa ya tabia wala ya akili. Waliosimama imara walifanana kwa jambo moja: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kuyumba. Mara nyingi alikuwa nyanya, shangazi au mwalimu. Si lazima mzazi.

Mkono mmoja haulei mwana, na katika ploti mikono ipo. Jirani mwenye meza anaweza kusema, "Njoo ufanyie homework kwangu na Wanjiru." Shosho anaweza kupiga simu kila Jumapili saa kumi na aulize habari za shule, siyo habari za baba. Mwalimu anaweza kubadilisha swali: badala ya "Kwa nini hukufanya?" aulize, "Jana usiku nyumbani kulikuwaje?" Mtoto huenda asijibu siku hiyo. Ataandika akilini kwamba kuna aliyeuliza.

Tena mtoto aambiwe ukweli. Kimya cha nyumbani humfundisha kwamba yeye ndiye chanzo. Vikundi vya Al-Anon, vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi, vina mafundisho ambayo kwa lugha yetu yanakuwa maneno ya jikoni: "Baba ana ugonjwa wa pombe. Si wewe uliyeuleta. Huwezi kuutibu, na huwezi kumzuia. Kazi yako ni kusoma na kucheza. Ukiogopa usiku, toka, nenda kwa Mama Kevo, nimeshaongea naye." Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na iwe ya kweli. Mlango wa kukimbilia upangwe mchana, watu wakiwa wametulia, na mtoto aufanyie mazoezi.

Pale penye kipigo, kunajisiwa au njaa, busara ya majirani haitoshi. Namba 116 ya simu ya watoto haitozwi na hupokelewa usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Afisa wa watoto yuko katika ngazi ya kaunti-ndogo, na chifu anajua ofisi yake. Wengi huogopa kwamba mtoto atachukuliwa na kupelekwa kwenye makao. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na mkakati wa kitaifa wa mwaka huohuo wa kurekebisha malezi unalenga kuwaondoa watoto makaoni na kuwarudisha katika familia na kwa jamaa. Kwa hiyo nendeni mkiwa na jina la shangazi au nyanya aliye tayari kumpokea. Itarahisisha kazi.

Na huyu anayekunywa?

Hatujamtupa. Lakini kwanza onyo: msimfungie chumbani siku tatu "atoke pombe." Mtu anayekunywa sana kila siku akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata kifafa, kuweweseka na hata kufa. Kuacha kwa mlevi wa namna hiyo kusimamiwe na wahudumu wa afya. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, ina huduma za waraibu. Namba 1192 ya NACADA ni ya bure na hutoa ushauri kwa mraibu na kwa jamaa yake pia. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita na mkoba wake katika ploti anaweza kuwa wa kwanza kuambiwa.

Mama anapokuwa ndiye mnywaji, aibu huwa mara mbili na msaada huchelewa mara mbili. Hunywea ndani, mlango umefungwa, na watoto ndio hugeuka walinzi wa siri. Akiwa mjamzito, pombe humfikia mtoto moja kwa moja na inaweza kuudhuru ubongo wake daima. Anayejua hayo asimtangaze kwenye chama, amsindikize kliniki.

Kuna habari njema kutoka Eldoret. Huko, watafiti wa Kenya na Marekani wamejaribu mpango uitwao Tuko Pamoja, ambapo watu wa kawaida wa mtaani hufundishwa kuketi na familia zenye migogoro na kuzisaidia zizungumze. Mpango mwingine mdogo uliwalenga akina baba wanaokunywa: vikao vitano, mtu kwa mtu, vya kutafuta jambo ambalo baba analitaka kwa familia yake na kuliingiza katika ratiba ya siku, mahali pa ile saa ya baa. Majaribio hayo ni ya watu wachache, lakini yanatumia mlango uleule: hayamwombi baba aahidi kuacha daima, yanamwomba awe nyumbani saa fulani, afanye jambo fulani na mtoto wake.

Turudi kwa yule msichana. Baba yake huenda akaacha mwaka huu, huenda asiache. Mama akipika mapema, na jirani akimkaribisha mezani pake saa moja, basi saa tatu kasoro geti litakapogongwa, hesabu itakuwa imeshaisha na daftari liko ndani ya mkoba.