Fahamu: Wanafunzi wa vyuo vikuu wanataka nini katika masomo ya mtandaoni?

Machi 2020 serikali ya Tanzania ilifunga vyuo vikuu kwa sababu ya corona, vikafunguliwa tena Juni 1. Tangu hapo wanafunzi wana swali moja kuhusu masomo ya mtandaoni: teknolojia tunaitaka, lakini nani analipia bando?

Wengi hawaipingi. Mhadhara uliorekodiwa mtu huurudia kabla ya mtihani, na anayefanya kazi mchana husoma usiku. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinawahudumia hasa watu wa aina hiyo. Kenya nayo ilipata chuo chake huria mwaka 2023.

Kero ziko kwingine. Kwa wengi simu ndiyo kompyuta, na kuandika tasnifu kwenye simu ni mateso. Video moja ndefu inaweza kumaliza bando la siku. Aliye kijijini wakati wa likizo hana uhakika wa mtandao wala umeme. Halafu wapo wahadhiri wanaopakia slaidi tu na kuhesabu kuwa wamefundisha; hapo wanafunzi wana haki kabisa ya kulalamika, kwa sababu hawana wa kumuuliza swali.

Jipya ni akili unde. Mwanafunzi huitumia kuelewa mada ngumu, lakini anahofia kutuhumiwa udanganyifu pale chuo kisipoeleza mpaka uko wapi.

Fedha za maboresho zimeshatengwa: mradi wa HEET, wenye mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulianzishwa kuboresha vyuo vya Tanzania. Vyuo viwaulize wanafunzi kabla ya kununua mifumo, na vianze na gharama ya bando.