Kinyesi cha Mbwa Bustanini si Mbolea

Wapo wakazi wa Nairobi wanaotembeza mbwa wao katika bustani za jiji na kuacha kinyesi nyasini, wakidhani kitarutubisha udongo kama samadi ya ng'ombe. Sivyo.

Kinyesi cha mbwa huweza kuwa na mayai ya minyoo. Mtoto akichezea udongo huo kisha atie mkono mdomoni, minyoo michanga inaweza kufika hadi machoni na kumharibia uwezo wa kuona. Mvua nayo husomba uchafu huo hadi kwenye mitaro, Mto Nairobi na hatimaye Mto Athi.

Mayai hayo huhitaji takriban wiki 2 au zaidi udongoni kabla ya kuweza kuambukiza. Ukizoa kinyesi papo hapo, hatari hiyo huiachi nyuma.

Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini, hivyo beba gazeti kuukuu au pakiti ya karatasi ya unga. Tupa kwenye pipa la taka, si mtaroni. Mfunge mbwa wako kamba, kama inavyotakiwa katika Msitu wa Karura, na umpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo.