Mpira wa Kumi na Tano: Kurudi Mezani Lemara Baada ya Msimu

Masika yakishakolea, mitaa ya Lemara na Njiro jijini Arusha hujaa magari ya utalii yaliyoegeshwa. Aprili na Mei kambi nyingi za Serengeti hufungwa kwa muda, wageni huwa wachache, na madereva waliokuwa wakilala porini tangu msimu ulipofunguka Juni hupata nafasi ya kukaa nyumbani. Jioni utawakuta baa, wamezunguka meza ya pool, chaki mkononi, wakisubiri zamu. Wengi wao hawajashika fimbo kwa miezi. Wapo na waliokaa miaka: ndoa, watoto, ujenzi, au ule mwaka wa 2020 ambapo Uviko-19 ulisimamisha safari na hela ya kuchezea ikakauka.

Watazame vizuri hawa wanaorudi, mimi nikiwa mmoja wao. Mkono haujasahau. Mtu anainama, anaingiza mpira wa mbali kona hadi kona, baa nzima inapiga kelele. Mipigo mitatu baadaye amebakiwa na mipira miwili myepesi kabisa, na mweupe umejificha nyuma ya mpira wa mpinzani. Anapiga kwa hasira, anakosa, anakwenda kukaa. Kesho yake akija mapema kufanya mazoezi, utamkuta analenga tu: mpira mmoja, shimo moja, tena na tena. Naona nguvu nyingi zinapotea hapo. Aliyekaa nje ya meza muda mrefu amepoteza mpangilio kabla hajapoteza shabaha. Kujua upi uanze, upi ufuate na upi ubaki wa mwisho, hicho ndicho kinachochakaa kwanza, na mazoezi yanapaswa kuanzia hapo.

Mchezo unaofundisha hilo kuliko wowote ninaoujua ni pool ya mfululizo, ambayo Wamarekani huiandika kwa tarakimu: 14.1. Kwenye baa za hapa sijawahi kuukuta ukichezwa. Sisi tumezoea kila mtu na kundi lake, halafu mweusi. Katika 14.1 mipira yote 15 ni ya wote, rangi na namba hazina kazi. Unataja mpira na shimo kabla ya kupiga, ukiingia unapata pointi moja, na unaendelea mpaka ukose. Faulo inakukata pointi moja; faulo tatu mfululizo zinakukata nyingine 15. Mchezo huenda mpaka pointi 100, 125 au 150 kama mlivyokubaliana.

Utamu wake uko mwisho wa fungu, yaani ile mipira iliyopangwa pamoja. Mipira 14 ikishaingia, unasimama. Ile 14 inatolewa na kupangwa upya kwenye pembetatu, nafasi ya ncha ikiachwa wazi. Mpira wa 15 unabaki palepale ulipokuwa, na mweupe vilevile. Sasa unatakiwa kuingiza ule wa 15 na, kwa pigo hilohilo, mweupe ukalifumue fungu ili uwe na cha kuendelea nacho. Utaratibu huu aliubuni mchezaji Jerome Keogh mwaka 1910. Kabla yake mipira yote 15 ilimalizwa ndipo ipangwe upya. Kwa kuacha mpira mmoja tu, Keogh alimlazimisha mchezaji kufikiria mwisho tangu mwanzo.

Machi 1954, mjini Springfield, Ohio, Mmarekani Willie Mosconi aliingiza mipira 526 bila kukosa. Igawe kwa 14: ni mafungu 37 na ushee. Maana yake ni kwamba zaidi ya mara thelathini mpira wa mwisho ulikuwa umekaa mahali pa kulivunjia fungu na mweupe umekaa penye pembe inayofaa. Hakuna bahati ya kukufikisha huko. Idadi hiyo ilidumu mpaka 2019, John Schmidt alipofikisha 626 huko California, na mwaka 2022 Jayson Shaw wa Scotland akafikisha 714, yaani mafungu 51 kamili.

Mosconi anatufaa kwa sababu nyingine mbili. Kwanza, meza aliyoitumia siku ile ilikuwa ya futi 8 kwa 4, ndogo kuliko ile ya futi 9 ya mashindano makubwa, kwa hiyo asikudharau mtu kwa kufanyia mazoezi meza ya baa ya futi 7. Pili, naye aliwahi kurudi. Alikuwa mtoto wa ajabu mezani huko Philadelphia, akauchoka mchezo, kisha akaurudia alipokuwa kijana, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, familia ilipohitaji fedha. Mwaka 1956 akapata kiharusi, akapata nafuu, akarudi tena. Waliotazama filamu ya The Hustler ya mwaka 1961 wameuona mchezo huu bila kujua: ndio unaochezwa mle, na Mosconi ndiye aliyekuwa mshauri wa ufundi.

Sasa tuje Lemara, kwenye meza ya sarafu. Hapa kuna tatizo la kweli. Mpira ukishaingia shimoni umekwenda. Hautoki mpaka utumbukize sarafu nyingine. Anayetaka kucheza 14.1 kama ilivyo atalipia kila fungu. Wengine huziba mashimo kwa magazeti, na mwenye meza akiwakuta ni ugomvi. Mimi nafuata njia isiyomuudhi mtu.

Ukitumbukiza sarafu, mipira 15 inatoka. Panga 14 kwenye pembetatu, acha ncha wazi, ule wa 15 uweke pembeni mwa fungu, umbali wa kiganja hivi. Vunja. Ukiingia umeondoka, lakini mezani bado kuna 14. Ikusanye, chagua mmoja uwe wa kuvunjia, panga 13 iliyobaki. Ncha ibaki wazi, na pengo la pili liwe katikati ya mstari wa nyuma, ili mbavu za fungu zibaki zimejaa. Vunja tena. Endelea hivyo mpaka fungu libaki la mipira kumi hivi. Hapo acha kupanga, icheze kama ilivyotawanyika: hayo ndiyo mazoezi ya mpangilio. Sarafu moja imekupa mapigo kadhaa ya kuvunjia na zoezi zima la kumaliza meza.

Pigo lenyewe la kuvunjia linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndilo linalowatisha wanaorudi. Simama nyuma ya mweupe, lakini usiangalie shimo kwanza. Angalia ubavu wa fungu, utafute mweupe utagusa mpira upi baada ya kuachana na ule wa kuvunjia. Kuna kanuni mbili za kukusaidia. Mweupe unaofika ukiteleza, bila mzunguko wa mbele wala wa nyuma, huachana na mpira ulioupiga kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Mweupe unaobingirika kawaida, ukigonga kama nusu ya mpira, hupinda nyuzi zipatazo 30 kutoka njia yake. Kwa hizo mbili unaweza kunyoosha kidole kwenye ubavu wa fungu na kusema: utagonga hapa. Ukigonga upande wa juu wa fungu, ule unaoelekea katikati ya meza, piga mweupe chini ya kitovu ili urudi kwenye uwazi. Ukigonga upande wa chini, karibu na ukingo wa nyuma, piga juu ya kitovu ili uguse ukingo na kutoka tena. Usiombe kugonga katikati bila mzunguko wowote. Mweupe hunasa palepale na unabaki huna pa kupigia.

Kuna jambo la meza zetu la kuzingatia. Kwenye meza nyingi za sarafu za mtindo wa Uingereza mweupe ni mdogo kuliko mingine, milimita 47.6 kwa 50.8, ili mashine iutofautishe na kuurudisha. Udogo huo unaufanya uwe mwepesi. Hurudi nyuma kirahisi, huachana kwa pembe pana kuliko zile nyuzi 90, na haulifumui fungu kwa nguvu unayoitarajia. Wengi hujibu kwa kuongeza nguvu, na hapo ndipo shabaha inapokufa. Tumia nguvu ya wastani, ulenge mpira wa ubavuni ukiwa umejaa, si ukingoni mwake. Mipira mitatu au minne ikijitenga inatosha. Kwa mchezo huu huhitaji meza nzima ichanue. Na masika kitambaa kikishanyonya unyevu, mipira yote hupungua mwendo, basi pima mwendo wa meza kwa mapigo machache ya taratibu kabla hujaanza kujilaumu.

Mpangilio ndio kazi ndefu, na hapa nitakaa kidogo. Fungu likishafunguka, swali la kwanza ni: upi utakuwa wa mwisho? Tafuta mpira uliokaa karibu na mahali pa fungu, wenye njia safi ya kwenda shimoni, uuwekee ulinzi kichwani. Huo usiuguse. Kisha utafute ufunguo, yaani mpira utakaoupiga kabla ya huo wa mwisho, ambao ukiuingiza mweupe utabaki penye pembe nzuri ya kuvunjia. Ufunguo mzuri kuliko zote ni ule uliokaa jirani na shimo la katikati, kwa kuwa unaweza kuuingiza mweupe ukasimama palepale. Kisha utafute mpira wa kukupeleka kwenye ufunguo. Mipira mitatu hiyo ukishaijua, iliyobaki inajipanga: iliyoganda ukingoni uitoe mapema ukiwa bado una njia nyingi, iliyoshikana uitenganishe mapema, na mweupe usafiri umbali mfupi kadiri inavyowezekana.

Zoezi langu la kila siku linatumia mipira minne tu. Nauweka mmoja pembeni mwa mahali pa fungu, mitatu naitupa kwa mkono ikae itakavyo, mweupe nauweka nitakapo. Kabla ya kupiga nataja kwa sauti utaratibu wote: huu shimo lile, mweupe usimame hapa, huu shimo lile, mweupe usimame pale. Halafu nacheza. Mpira ukiingia lakini mweupe ukasimama mbali na nilipotaja, nahesabu nimekosa. Sheria hiyo ni kali, na wanaopita hushangaa kumwona mtu akisikitika baada ya kuingiza. Lakini ndiyo inayorudisha akili haraka, kwa sababu inakunyima faraja ya bahati.

Kosa la kawaida la mazoezi ni kurudia pigo moja mpaka lilainike. Linalainika kweli, kwa saa ile. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu walijifunza mienendo mitatu ya mkono. Baadhi walirudia mwendo mmoja mpaka uishe ndipo waende mwingine, wengine walichanganyiwa. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walionekana wazito. Walipopimwa siku kumi baadaye, hao hao ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Kwa mtu anayerudi porini Juni na kurejea mezani baada ya miezi, kudumu ndiko kwenye faida. Ndiyo maana naipenda ile sarafu moja: unavunja, unapanga upya, unavunja upande wa pili, unamaliza meza, na hakuna pigo linalofanana na lililotangulia.

Haya yote hayawezekani jioni. Meza ya baa ina sheria yake: anayeshinda anabaki, anayeshindwa analipa na kukaa. Ni sheria nzuri ya ushindani, lakini haimpi mtu nafasi ya kufikiri mipira mitatu mbele. Mchana ndio wakati wenyewe, na mchana ndio wenye lawama. Mwaka 2016 viongozi wa serikali, Rais John Magufuli akiwamo, walikemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye pool asubuhi wakati wa kazi, na tangu hapo mtu akionekana mezani jua likiwaka huhesabiwa mzururaji. Karipio la uvivu nalikubali. Ila dereva aliyetoka kuendesha kwenye vumbi la Seronera, Serengeti, kwa miezi, ambaye kazi yake imesimama kwa sababu ya mvua, hamdhulumu mtu kwa saa moja ya mazoezi bila bia wala dau. Pool ina mashindano yake nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 bia ya Safari ilidhamini ya taifa na ya vyuo vikuu, na vijana wengi walijifunza wakati huo kwamba meza ni mchezo kama michezo mingine.

Ninalo ombi kwa wenye meza wa Lemara, na wa Njiro na Themi pia. Masika haya, kabla wateja hawajaingia, meza zenu zimelala bure. Tengeni saa moja au mbili za mchana, mtoze bei moja ya saa badala ya sarafu kwa kila fungu, na mfungue droo kwa ufunguo ili mipira itoke. Mteja aliyefanya mazoezi mchana ndiye atakayerudi na wenzake jioni. Na wewe dereva uliyepaki gari mpaka Juni, nenda ukamwombe mwenye meza yako leo.