Nani Apime Mahindi Yetu?

Ndugu mkulima, kila mara mahindi yanapokataliwa kwenye ghala au unga unapoondolewa madukani, maneno huwa mengi. Mwenye mahindi husema ameonewa. Mwenye kununua unga husema wakaguzi walikuwa wamelala. Mfanyabiashara husema sheria ni kali mno. Maneno hayo si ya bure, maana yahusu chakula cha watoto na fedha za mwaka mzima. Lakini ni vigumu kushindana juu ya jambo usilolijua. Basi tulitazame hatua kwa hatua: sumu hii ni nini, sheria yasemaje, mahindi hupimwa vipi, na sehemu yako wewe ni ipi.

SUMU YENYEWE

Sumu hii huitwa sumukuvu, na wataalamu huiita aflatoksini. Hutengenezwa na aina fulani ya kuvu, yaani ukungu, unaoota katika mahindi, njugu na nafaka nyingine. Ilianza kuchunguzwa baada ya mwaka wa 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula cha njugu zilizoingiwa na ukungu.

Sumu yenyewe haionekani kwa macho. Kupika ugali hakuiondoi. Kazi yake ni kuharibu ini. Mtu akiila kwa wingi hutapika, tumbo huvimba, macho huwa ya manjano, na aweza kufa. Akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, aweza kupata saratani ya ini. Na usifikiri kwamba mahindi yaliyooza yafaa kumpa ng'ombe wa maziwa. Sehemu ya sumu hiyo hutokea tena katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo anayokunywa mtoto wako.

Hapa Kenya tuliyaona haya mwaka wa 1981 katika wilaya ya Machakos, ambako wagonjwa 20 walipatikana na 12 kati yao wakafa. Mwaka wa 2004 yakaja makubwa zaidi. Huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 walihesabiwa kuwa wagonjwa kufikia mwezi wa Julai, na 125 walikufa.

SHERIA YASEMAJE

Kipimo cha mwisho kinachokubaliwa katika mahindi ya kuliwa ni sehemu 10 za sumu katika sehemu bilioni moja za mahindi. Mwaka wa 2004 kipimo kilikuwa 20, baadaye kikapunguzwa.

Fanya hesabu hii pamoja na watoto wako. Gunia la kilo 90 ni gramu 90,000. Sehemu 10 katika bilioni ya gunia hilo haifiki hata elfu moja ya gramu. Sasa chukua lori la magunia 300. Sumu inayokubaliwa katika lori zima ni kama robo ya gramu, na kijiko kidogo cha chai hubeba gramu nne au zaidi za sukari. Kwa hiyo mtu asikuambie, "Nimeyatazama mahindi haya, ni masafi." Macho hayana uwezo wa kupima jambo dogo namna hiyo.

KWA NINI WATU HUBISHANA

Sababu ya kwanza ni upimaji wenyewe. Sumu haikai sawasawa katika mahindi yote. Yawezekana magunia tisa yakawa mazuri, na la kumi likawa na magunzi machache yaliyooza kabla ya kupukuchuliwa, na hayo machache ndiyo yaliyobeba sumu karibu yote. Mkaguzi mmoja akichota hapa atapata 4. Mwingine akichota pale atapata 60. Hapo ndipo mwenye mahindi hulalamika kwamba ameonewa, na huenda hakuna aliyemwonea. Njia iliyo sawa ni kuchota kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, kuchanganya yote pamoja, kuyasaga, ndipo kupima.

Sababu ya pili ni wingi wa mikono. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS, huweka vipimo na kukagua unga. Maafisa wa afya ya umma hukagua maduka na masoko. Mamlaka ya Kilimo na Chakula husimamia mazao. Bodi ya Nafaka hupima mahindi inayopokea katika ghala zake. Kila mmoja ana kazi yake, lakini jambo likiharibika, mwananchi hajui aende kwa nani. Mnamo Novemba 2019 KEBS ilizuia aina tano za unga zisiuzwe. Wengi waliuliza swali la haki: unga huo ulifikaje mezani kabla ya kuzuiwa?

Sababu ya tatu ni hasara. Mahindi yakikataliwa, aliyelima ndiye anayerudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana wako wanaoyaficha, au wanaoyachanganya na mazuri, au wanaoyauza usiku kwa bei ya chini. Jambo hili tulitazame kwa ukweli. Sheria inayomwadhibu anayejitokeza na kumwacha anayejificha haiwezi kumlinda mlaji.

MFANO WA MWAKA WA 2021

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie nchini kwa sababu ya sumu hii. Siku chache baadaye njia ilifunguliwa tena kwa masharti: mwenye kuleta mahindi awe ameandikishwa, na awe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi 10. Wengine walisifu kwamba afya inalindwa. Wengine walisema ni biashara tu.

Lakini lipo swali lililo karibu nasi zaidi. Mahindi yetu wenyewe je? Waliougua mwaka wa 2004 wengi wao walikula mahindi waliyolima wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa mabichi. Hakuna mpaka yaliyovuka. Hakuna mkaguzi aliyeyaona. Na yalipopimwa mahindi ya masoko ya sehemu hizo, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kipimo cha sheria.

HAKI YAKO YA KUULIZA

Katiba ya mwaka wa 2010 yampa mnunuzi haki ya kupata chakula kisichomdhuru, na yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Basi mahindi yakikataliwa katika ghala ya Serikali, usitoke kwa hasira tu. Uliza maneno matatu: Sampuli ilichotwa kutoka magunia mangapi? Namba iliyopatikana ni ngapi? Mahindi yaliyokataliwa yanapelekwa wapi? Hili la tatu ni kubwa, kwa maana mahindi yaliyokataliwa mlango wa mbele yakirudi sokoni kwa mlango wa nyuma, hakuna aliyelindwa. Ulizeni hayo katika baraza pia, na katika mikutano ya chama chenu cha ushirika.

KAZI YA NYUMBANI

Hata wakaguzi wakiwa elfu, hakuna atakayeingia jikoni kwako. Mkaguzi wa sufuria yako ni wewe na mama watoto wako. Fanyeni hivi:

1. Vuneni mahindi yakiisha kukomaa, wala msiyarundike chini.

2. Yaanikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Unyevu usizidi asilimia 13 na nusu.

3. Kama huna mashine ya kupima unyevu, tia chumvi kavu katika chupa kavu yenye kifuniko, ongeza mahindi, tikisa, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikishika kwenye chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiposhika, bado anika siku moja au mbili zaidi, maana 15 si 13 na nusu.

4. Chagueni na kutupa punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Msiwape kuku wala ng'ombe.

5. Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, katika ghala isiyovuja.

6. Mahali penye shida kubwa, muulize Bwana Shamba juu ya Aflasafe, dawa iliyoandikishwa Kenya mwaka wa 2015. Ni kuvu isiyo na sumu, humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 kwa eka, ili ichukue nafasi ya kuvu mbaya.

Mkulima aliyeanika na kuchagua mahindi yake aweza kusimama mbele ya mkaguzi na kudai kipimo cha haki. Asiyefanya hivyo atashindana kwa maneno ghalani, na jioni mahindi yale yale yatakuwa ugali wa watoto wake.