Juu ya Nini Sehemu ya Pili Inaua Watu Wengi Kuliko ya Kwanza?



Tangu mwanzo wa muhula huu maneno ni mengi juu ya filamu za siku ya posho katika chumba kikubwa. Wengine wanataka zikatazwe kabisa. Wengine wanasema pasipo filamu juma haliishe. Komite ya wanafunzi itakaa na kukata maneno hayo mbele ya mitihani, na sisi tulipewa kazi ya kueleza tu. Basi tunaeleza jambo moja lenye kila mtu ameona na wachache wameuliza: juu ya nini filamu ya mapigano ikipata sehemu ya pili, ya tatu na ya nne, vifo vinazidi kila mara, na sisi watazamaji tunazidi kucheka?

Tuchukue Rambo, kwani hata wadogo wa darasa la saba wanajua jina hilo, ijapo wengi hawajaona filamu ya kwanza.

Ile ya kwanza ilitoka mwaka 1982. Jina lake ni First Blood, na ilitolewa katika kitabu cha David Morrell cha mwaka 1972. John Rambo, mwenye anachezwa na Sylvester Stallone, ni askari aliyetoka katika vita ya Vietnam. Anakuja kwa miguu kutafuta rafiki yake wa jeshi, anaambiwa rafiki amekwisha kufa kwa kansa, sababu ya sumu yenye Wamarekani wenyewe walimwaga kule vitani. Anashika njia tena, anafika katika mji mdogo. Mkubwa wa polisi anamwona na nywele ndefu, anamfukuza sawa mzururaji. Rambo anarudi, anafungwa, anapigwa, anakimbilia porini. Je, watu wangapi wanakufa mbele ya macho yetu katika filamu hiyo? Mmoja. Ni polisi mwenye kumpiga risasi toka helikopta, anaanguka. Na kisha kuanguka kwake Rambo anatoka mafichoni mikono juu, anasema mtu mmoja amekufa na yeye hataki mwingine aumie. Mwisho wa filamu analia kama mtoto, anaeleza ginsi rafiki mwingine alivyopasuliwa na bomu kando yake kule Saigon, kisha anajitoa kwa wakubwa.

Katika kitabu mambo ni tofauti: watu wengi wanakufa, na Rambo mwenyewe anakufa. Hata katika filamu walipiga picha za mwisho wenye Rambo anakufa. Watu walioonyeshwa kwanza kwa kujaribu hawakupenda, ikabadilishwa. Mtaona kwamba hapo ndipo mlango ulifunguka. Kama Rambo angekufa mwaka 1982, sehemu ya pili ingetoka wapi?

Ilitoka mwaka 1985. Ya tatu 1988, kule Afghanistan. Ya nne 2008, kule Burma. Profesa mmoja wa Marekani, John Mueller, alikaa chini akahesabu maiti katika zote nne. Ya kwanza: 1. Ya pili: 69. Ya tatu: 132. Ya nne: 236. Tulipiga hesabu yetu: ile ya nne inachukua dakika 91, basi kila dakika mbili watu watano wanakufa. Mtu hawezi hata kumaliza kumenya ndizi.

Si Rambo peke yake. Profesa mwingine, George Gerbner, mwenye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na akafa mwaka 2005, alihesabu zamani zaidi. RoboCop ya kwanza, 1987: watu 32; ya pili, 1990: 81. Die Hard ya 1988: watu 18, ya pili, 1990: 264, kwa sababu ndani yake ndege nzima yenye kujaa abiria inaangushwa. Wahesabuji hawapatani kila mara (Gerbner alipata 62 katika Rambo ya pili, si 69), maana mmoja anahesabu mwenye kuanguka mbali ndani ya moshi na mwingine anamwacha. Lakini wote wanaona mlima uleule.

Sasa, sababu. Wengi watajibu haraka: ni feza. Ni kweli, lakini angalieni vizuri. First Blood iliingiza karibu dola milioni 125 katika dunia yote. Ya pili, karibu milioni 300. Watengenezaji wakafikiri wamepata dawa: ongeza bunduki, feza itaongezeka. Wakaongeza. Ya tatu, yenye vifo karibu mara mbili, iliingiza karibu milioni 189. Ya nne, yenye vifo 236, karibu milioni 113, chini kuliko ya kwanza yenye kifo kimoja! Mnaona? Ni sawa pilipili katika maharagi. Siku ya kwanza kipande kidogo kinatosha kukutoa machozi. Kisha mwezi unatia tatu na husikii kitu. Mpishi anafikiri maharagi hayana ladha, anatia tena, wala hakumbuki kwamba kilichobadilika si maharagi, ni ulimi.

Ulimi ndio sisi.

Kuna sababu ya pili yenye inatugusa zaidi hapa Vuhovi. Filamu inatengenezwa kusudi iuzwe katika nchi zote, na maneno yanahitaji kutafsiriwa. Risasi haihitaji. Gerbner alieleza hivyo: mapigano yanasafiri bila pasipoti. Na kweli, filamu nyingi zenye zinatufikia, zikiwa katika karti memori ao ku telefone, zinasema Kiingereza, na sisi tunasoma Kifaransa. Mwenye bahati anapata ile yenye mtafsiri anasema Kiswahili juu yake, kama wafanyavyo Tanzania na Kenya, na mara mingi mtafsiri huyo anatia mizaha yake palepale mtu anapokufa. Basi fikirini mtoto wa hapa akitazama First Blood bila kusikia lugha. Kile kilio cha mwisho, chenye kubeba maana ya filamu nzima, kwake ni mtu mzima anayepiga makelele. Kinachobaki ni helikopta na kisu. Wengi kati yetu tulitazama Rambo namna hii: tulipewa mifupa, nyama ilibaki njiani.

Ndiyo maana pia tuna sheria yetu ile: "Akteri hakufaka." Akteri ni mmoja, shefu bandi ni mmoja, na katikati yao kuna watu mia wasio na jina. Hawana mama, hawana kijiji, hakuna anayewazika. Kazi yao ni kuanguka. Tuliuliza wanafunzi wa darasa la tano wenye wametazama John Wick: katika filamu ya kwanza, 2014, ni kifo gani mnakumbuka? Wote walijibu: cha mbwa. Mbwa yule mdogo aliachwa na bibi yake John kama zawadi ya mwisho, akauawa na wezi, na John anaanza kulipiza kisasi. Kisasi kimeendelea mpaka sehemu ya nne ya mwaka 2023. Mbwa analiliwa. Watu walioanguka kisha hapo, kwa mamia, nani anakumbuka uso wa mmoja? Sisi hatumlaumu mbwa. Tunaonyesha tu kwamba mtengenezaji anajua sana kutuliza anapotaka. Kwa wale wengine hakutaka.

Tuje kwa mwili. Mtu akiona damu mara ya kwanza moyo wake unakimbia, mikono inatoka jasho, tumbo linageuka. Ni mwili unaosema: hapa pana hatari, kimbia ao saidia. Akiona mara mia bila kupatwa na kitu, mwili unaacha kusema. Ni sawa mguu ukiukalia muda mrefu: unaingia ganzi. Muuguzi naye anazoea damu, na ni vizuri azoee, la sivyo mikono ingetetemeka. Lakini yeye anazoea huku mikono iko juu ya kidonda. Sisi tunazoea huku mikono iko ndani ya karanga.

Mwaka 1984 wataalamu watatu wa Marekani, Linz, Donnerstein na Penrod, walitoa matokeo yao. Waliwaonyesha vijana wanaume filamu tano za kuua wanawake, siku tano mfululizo. Siku ya tano vijana walisema mambo ya kutisha ndani yake si mengi kama walivyoona siku ya kwanza. Mwaka 2009 wengine wawili, Bushman na Anderson, walifanya jaribio la ujanja. Walimweka msichana mwenye mguu wa kufungwa bandeji mbele ya nyumba ya sinema, anaangusha magongo yake, anahangaika kuyaokota. Wao wanatazama saa: mpita njia atakawia muda gani kumsaidia? Wenye kuingia sinema walisaidia upesi, hata wenye tikiti ya filamu ya mapigano. Wenye kutoka katika filamu isiyo ya mapigano, upesi vilevile. Lakini wenye kutoka katika filamu ya mapigano walikawia kuliko wengine, karibu asilimia 26 zaidi. Hawakumpiga teke. Hawakumtukana. Walikawia tu.

Mtu asitushike vibaya hapa. Hatusemi filamu inageuza mtu kuwa mwuaji. Wataalamu wengine wanabishana sana juu ya mambo haya, na wana haki: Wajapani wanatazama filamu hizohizo na katika nchi yao kuuana ni haba sana. Wenye kuua watu hapa kwetu hawakungojea video ije kuwafundisha. Hata kule Sierra Leone, ambako waasi wa RUF walionyesha vijana wao First Blood, mtaalamu Paul Richards aliandika mwaka 1996 kwamba kilichowavuta kilikuwa hadithi ya kijana aliyefukuzwa mjini akaishi porini kwa akili yake. Kwa hiyo msitafute wauaji katika chumba kikubwa. Sisi tunazungumza juu ya yule mwenye kukawia.

Na kukawia hapa kwetu si jambo la jaribio. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni linazika watu. Eringeti, Oicha, Mbau. Rwangoma, tarehe 13 Agosti 2016. Mukondi, kilometa karibu 30 kusini ya mji wa Beni, usiku wa tarehe 8 Machi 2023, watu zaidi ya 30 kwa usiku mmoja. Majina haya si ya filamu. Tuna wenzetu madarasani wenye walikuja na godoro kichwani, hakuna haja ya kuwaonyesha kwa kidole.

Kisha kila shambulio, picha zinafika ku telefone mbele ya habari. Mnajua picha gani tunasema. Zinapita toka kikundi cha WhatsApp hadi kingine, usiku, chini ya blanketi, na tumesikia kwa masikio yetu mwanafunzi akisema: "Angalia, sawa filme kabisa!" Alisema bila ubaya. Alisema kwa sababu kweli, kwa macho yake, ilikuwa sawa: mtu amelala chini, hana jina, hana mama, ni mmoja wa wale mia wa katikati.

Lakini yule wa ku picha alikuwa na jina. Kuna msichana, hatutasema darasa lake, aliyejua kifo cha mjomba wake kwa njia hiyo. Simu ya nyumbani ilikuja kesho yake asubuhi. Usiku ule alikuwa amekwisha kumtambua kwa shati, ku telefone ya rafiki yake, na wasichana watano walikuwa kando wakiangalia pia, wakipeleka kidole ili waone picha yenye kufuata. Mmoja wao alituambia kwamba walikawia kuelewa juu ya nini analia.

Kwa maoni yetu hapo ndipo komite iangalie, zaidi ya mashini ya kuonyeshea filamu. Kukataza siku ya posho ni rahisi, na wenye telefone watatazama hizohizo kitandani, wadogo bila wakubwa, bila mtu wa kuuliza kitu. Tunaleta mashauri mawili. La kwanza: picha ya marehemu ikifika ku telefone ya mwanafunzi, isipite kwa mwingine, aipeleke kwa mwongozi wa bweni ao kwa mwalimu, naye atatafuta kama kuna familia hapa kati yetu, kisha ifutwe. La pili: kila filamu ya siku ya posho iwe na mtu wa kutafsiri maneno yake, hasa ya mwisho, na wanafunzi wawili wenye kalamu wa kuhesabu maiti na kuandika ubaoni ni ngapi zilizikwa.

Mwalimu wa Kiingereza amekwisha kukubali kutafsiri. Kama komite inaruhusu, siku ya posho ijayo, saa kumi na mbili jioni, tutaanza na ile ya 1982. Kazi ya wahesabuji itakuwa nyepesi. Wa darasa la saba waje na viti vyao.