Makala Isipofunguka, Mwendee Mkutubi

Tabibu wa wilayani anatafuta kiwango cha dawa ya malaria kwa mjamzito. Makala anaipata, ikisiri anaisoma, kisha tovuti inamdai dola 30. Wengi huishia hapo na kuitegemea ikisiri. Ni hatari: aghalabu ikisiri haielezi ni wagonjwa gani walioachwa nje ya utafiti, na mara nyingi wajawazito huwa miongoni mwao.

Huenda makala hiyohiyo yasomeka bila malipo kupitia maktaba ya chuo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari, unaozifungulia nchi za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwamo, maelfu ya majarida ya tiba. Husajiliwa taasisi, si mtu binafsi, na nywila hutunzwa na mkutubi. Hospitali nayo yaweza kujisajili. Ajabu ni kwamba jambo hili halitangazwi vya kutosha. Tafuta kwanza katika PubMed, unakili namba ya utambulisho wa makala, kisha umpelekee.

Mgonjwa asiye na nywila aanzie PubMed Central, ambako makala nzima husomwa bure, na aliyoyasoma ayapeleke kliniki kabla hajabadili dawa.